Tuzo au Tozo? Safu ya Kichekesho Inapohama Gazetini na Nafasi ya Msomaji Mwaminifu: Mtazamo kutoka Bondeni, Kyela

Ikisiri

Makala hii inaeleza kinachotokea katika lugha, na katika uhusiano wa mwandishi na msomaji, pale safu ya kichekesho inapoacha ukurasa wa gazeti na kuwafuata wasomaji wanaoilipia moja kwa moja. Mifano mikuu ni safu ya Whispers ya Wahome Mutahi nchini Kenya, hadithi za mfululizo za magazeti ya Tanzania, na shindano la vichekesho la Washington Post lililohamia katika waraka wa kulipia mwaka 2023. Mifano hiyo inatazamwa kutoka Bondeni, yaani Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, mahali ambapo gazeti hufika kwa kuchelewa na kusomwa na watu wengi kuliko walionunua. Makala inadai kwamba malipo ya msomaji mwaminifu, katika mapokeo ya Kiswahili, yako karibu na tuzo ya taarabu kuliko bei ya bidhaa, na kwamba waraka unaojifunga kabisa kwa wasiolipa humnyima mlipaji kile hasa anacholipia.

1. Utangulizi: jina la kitu

Anayetaka kuzungumza kwa Kiswahili juu ya maandishi ya mtu mmoja yanayotumwa kwa barua pepe au kwa simu, kwa wasomaji waliojiandikisha na kulipa, hujikuta hana jina moja la kuyaita. Wapo wanaosema jarida, wapo wanaosema barua, na wapo wanaozunguka kwa maelezo marefu. Jarida limekwisha kushika maana ya chapisho lenye waandishi wengi na mhariri wao. Kuliita hivyo jambo la mtu mmoja ni kulivalisha koti lisilo lake. Barua nayo ni ya mtu kwa mtu. Neno linalofaa zaidi ni waraka, na ndilo linalotumika katika makala hii.

Sababu za uteuzi huo ni za kihistoria zaidi kuliko za kiistilahi. Waraka ni maandishi yenye mwandishi anayejulikana, yanayopelekwa kwa kundi linalojulikana. Katika Tanzania ya leo neno hilo lina sura mbili: waraka wa serikali, ambao huagiza, na waraka wa Agano Jipya, ambao hunasihi. Katika nchi ya Wanyakyusa, ambako wamisionari wa Kimoravia na wa Kilutheri wa Berlin walianza kazi mwaka 1891, sura ya pili haiko mbali na masikio ya watu. Waraka kwa Warumi uliandikiwa watu wa Rumi, lakini husomwa kwa sauti mbele ya watu wa Ipinda na Matema ambao hawakuandikiwa. Sifa hiyo ya kuandikiwa wachache na kusikiwa na wengi si jambo la pembeni. Ndiyo kiini cha tatizo linalochunguzwa hapa, kwa kuwa waraka wa kulipia wa siku hizi umebuniwa ili usikiwe na walioandikiwa peke yao.

Kichekesho kimeteuliwa kwa makusudi. Habari za biashara au za michezo zikihamia kwa wanaolipa, asiyelipa hukosa taarifa na anaweza kuipata kwingine. Kichekesho hakina kwingine. Aliyekikosa hakosi taarifa yoyote. Hukosa kuwa miongoni mwa waliocheka, na hasara hiyo huionja pale wenzake wanapotaja jina la mhusika na yeye akabaki ameduwaa.

2. Msomaji hufuata nini?

Wahome Mutahi alianza safu ya Whispers katika magazeti ya Standard mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akaihamishia Sunday Nation, ambako ilipata umaarufu wake mkubwa. Mwaka 1986 alifungwa wakati wa msako wa serikali dhidi ya kundi la Mwakenya. Alipotoka aliirudia kalamu, na safu ikaendelea hadi kifo chake Julai 2003. Kwa hiyo safu hiyo ilipita misukosuko miwili ambayo kwa kawaida huua safu: kubadili gazeti, na mwandishi kunyamazishwa. Swali la kuuliza ni kitu gani kilichovuka salama.

Kilichovuka ni ukoo. Msimulizi Whispers, anayejiita pia Son of the Soil, ana mke aitwaye Thatcher kwa kumbukumbu ya waziri mkuu wa Uingereza asiyeyumbishwa. Ana mwana, Whispers Junior. Ana binti aitwaye Investment, yaani kitega uchumi, kwa sababu ya mahari anayotarajiwa kuiletea nyumba. Ana mama mzazi, Appepklonia, ambaye jina lake la ubatizo limepita katika ulimi wa kijijini likatoka na umbo jipya. Kila jina ni kichekesho kilichofupishwa. Msomaji wa mara ya kwanza hupata nusu ya maana. Msomaji wa mwaka wa tano huanza kucheka jina linapotajwa, kabla jambo lenyewe halijasemwa. Ogola (2017) ameonyesha jinsi familia hiyo ilivyowapa Wakenya namna ya kuizungumzia dola kupitia mambo ya nyumbani katika kipindi ambacho kuitaja dola waziwazi kulikuwa na gharama. Kwa madhumuni ya makala hii inatosha kusisitiza jambo moja: majina hayo yalikuwa akiba iliyowekwa kwa pamoja na mwandishi na wasomaji wake. Gazeti lilimiliki karatasi, tarehe na tangazo lililo chini ya ukurasa. Halikuimiliki akiba.

Magazeti ya Kiswahili yana ushahidi wa namna hiyohiyo, ingawa mara nyingi katika umbo la katuni. Chakubanga wa gazeti la Uhuru, kisha Ndumilakuwili, Lodilofa na Pimbi wa jarida la Sani, walijulikana kwa majina kuliko wachoraji wao. Mtu aliyeuliza kama Sani ya mwezi huo imefika hakuwa akiulizia karatasi.

Hapa inafaa kutenganisha kichekesho na hadithi ya mfululizo, kwa sababu mijadala mingi huviweka katika kapu moja. Reuster-Jahn (2008) ameichambua kazi ya Eric Shigongo na kuonyesha namna hadithi inayokatwa penye taharuki inavyomrudisha mnunuzi wa gazeti wiki inayofuata. Neno "itaendelea" ni ndoano. Mtindo huo ulipohamia katika Facebook na makundi ya WhatsApp ulihama na ndoano yake: sehemu za mwanzo hutolewa bure, hadithi hukatwa penye shimo, na anayetaka zilizobaki hutuma fedha kwa namba ya mtunzi. Malipo ya aina hii ni bei kamili. Hadithi ina mwisho, na aliyeufikia hana deni wala sababu ya kurudi. Kichekesho hakina mwisho wa kuuza. Hakuna anayelipia safu ya vichekesho ili ajue itakavyoishia. Kinachomshika msomaji ni mazoea, na mazoea hayauziki kwa sehemu. Ndiyo maana hadithi hulipiwa kwa kipande, ilhali mchekeshaji hulipiwa kama mtu.

Mfano ulio wazi zaidi katika miaka ya karibuni unatoka Marekani. Washington Post lilikuwa na shindano la kila wiki la vichekesho lililoitwa Style Invitational, lililoanza mwaka 1993. Wasomaji walipewa mada, wakatunga, na waliochapishwa mara nyingi wakageuka jamii yenye karamu zake, mabingwa wake na jina lake la kujidhihaki, Losers, yaani walioshindwa. Gazeti lililifuta shindano hilo mwishoni mwa mwaka 2022. Mwanzoni mwa 2023 lilifufuka katika The Gene Pool, waraka wa Gene Weingarten, aliyekuwa mwanasafu wa vichekesho wa gazeti hilohilo na mshindi mara mbili wa tuzo ya Pulitzer, akishirikiana na Pat Myers aliyekuwa akiliendesha shindano hilo gazetini. Jamii ya watungaji ilihamia huko pamoja nao. Wasomaji hao hawakumfuata mwandishi tu. Walikwenda kudai kiti chao. Mtu ambaye sentensi yake iliwahi kuchapishwa humo ana hisa katika kichekesho, na malipo yake yana sura ya ada ya mwanachama zaidi ya bei ya mnunuzi.

3. Tuzo na tozo

Kiswahili kina maneno mawili yanayotofautiana kwa irabu moja tu, nayo yanaeleza tofauti hii kuliko istilahi yoyote ya biashara. Tozo linatokana na -toza, kitenzi kinachohusishwa na -toa kwa unyambulishaji wa usababishi: kumfanya mtu atoe. Tuzo linatokana na -tuza, kumpa mtu kitu kwa kuwa amefanya vyema. Katika tozo mwenye nguvu ni anayepokea. Katika tuzo mwenye nguvu ni anayetoa. Mwaka 2021 Watanzania walilisikia neno la kwanza kila siku, pale serikali ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu mwezi Julai na kuipunguza Septemba baada ya malalamiko mengi. Tangu hapo neno hilo limebeba uchungu ambao kamusi hazijaurekodi, na mwandishi anayewatangazia wasomaji wake kuwa kuanzia sasa watalipa kwa simu anapaswa kujua kwamba uchungu huo unamsubiri.

Tuzo ina historia tofauti. Katika onyesho la taarabu msikilizaji huinuka wakati wimbo unaendelea, hucheza hadi mbele, na kumtunza mwimbaji mbele ya macho ya watu wote. Askew (2002) ameeleza kwa kina kwamba tendo hilo ni usemi: anayetunza huchagua ubeti, huuchukua ukawa wake, na mara nyingi humlenga mtu mwingine aliyeketi ukumbini. Mambo matatu katika tendo hilo yanaihusu safu ya kichekesho. Kwanza, malipo huja baada ya neno kusikika, hayalitangulii. Pili, hutolewa hadharani. Tatu, na hili ndilo kubwa, anayetunza hamzuii asiyetunza kusikia. Ukumbi ukifungwa wakabaki watunzaji peke yao, tuzo hupoteza kazi yake, kwa kuwa hapatakuwa na wa kuliona wala wa kulengwa nalo.

Huenda ikapingwa kwamba taarabu ina kiingilio, na kwamba kiingilio ni bei. Ni kweli, lakini kiingilio hulipwa mara moja mlangoni, kwa mtu ambaye si mwimbaji, na hakuna aliyewahi kujisifu kwa kukilipa. Gazeti linafanana na kiingilio hicho. Mnunuzi alimpa muuza magazeti fedha, na safu ya kichekesho ilikuwa ndani, pamoja na matokeo ya mpira na matangazo ya vifo. Mwandishi hakuwahi kujua ni nani aliyelinunua gazeti kwa ajili yake. Waraka wa kulipia unaondoa mlango na kumleta msomaji mbele ya mwimbaji. Msomaji huyo hudhani anakwenda kutunza. Akikuta anatozwa, uhusiano hubadilika hata kama kiasi cha fedha ni kilekile.

4. Bondeni na kicheko cha pamoja

Kutoka Dar es Salaam hadi Kyela ni zaidi ya kilometa 900 kwa barabara, kupitia Iringa, Mbeya na Tukuyu. Gazeti la asubuhi likisafirishwa kwa njia hiyo hufika likiwa limepitwa na redio. Kichekesho hakichachi kwa kasi hiyo: kituko cha Thatcher na mumewe kina ladha ileile Jumanne kama Jumapili. Mahali ambapo gazeti huchelewa, safu ni sehemu mojawapo ya gazeti isiyopoteza thamani njiani, na hilo ni la kuzingatiwa na anayedhani kwamba wasomaji wa mbali na miji mikuu ni nyongeza tu kwa mwanasafu.

Usomaji wenyewe ni wa kushirikiana. Nakala moja hupita dukani, kwa kinyozi, na chini ya mwembe. Anayesoma vizuri husoma kwa sauti, na wengine huongezea. Jambo hili si la Bondeni peke yake, wala si geni kwa historia ya magazeti ya Kiswahili, ambayo tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, yalisomwa na kujibiwa kwa mashairi na watu wengi kuliko walionunua. Wamiliki wa magazeti wamekuwa wakiliona kuwa hasara. Mwaka 2017 waziri wa habari wa Tanzania aliagiza vituo vya redio na televisheni visome vichwa vya habari tu katika vipindi vyao vya asubuhi, ili visiyanyang'anye magazeti wanunuzi. Waziri huyo alikuwa Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela wakati huo na mtunzi wa riwaya ya Pepo ya Mabwege iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtu aliyelijua tatizo kutoka pande zote za kalamu.

Lugha ya mahali yenyewe ina la kusema. Kinyakyusa kina kitenzi -seka, ambacho ni ndugu wa -cheka ya Kiswahili. Kikiongezewa kiambishi cha kutendea huzaa -sekela, kufurahi, na kutokana nacho hupatikana nomino ulusekelo, furaha. Mnyambuliko huo unafanana na ule wa Kiswahili wa -chekea na -chekelea, ila Kiswahili hakikuunda nomino ya furaha kutokana na mzizi wa kicheko. Katika Kinyakyusa, kwa upande wa umbo, furaha ni kicheko kinachoelekezwa kwa jambo au kwa mtu. Lusekelo ni pia jina la watu, na kwa sadfa inayopendeza ndilo lililobebwa na mmojawapo wa wanasafu wa tashtiti waliojulikana zaidi Tanzania, Adam Lusekelo, aliyefariki mwaka 2011, ambaye safu yake With a Light Touch iliandikwa kwa Kiingereza katika magazeti ya Dar es Salaam.

Neno la pili ni ukwangala. Monica Wilson, ambaye yeye na mumewe Godfrey walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alilifanya kuwa mhimili wa kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company. Kwa maelezo yake, ukwangala ni raha ya kuwa pamoja na wenzi wa rika: kula, kunywa, kuzungumza na kupashana. Mtu anayekula peke yake alitiliwa shaka. Wilson alikuwa akieleza vijiji vya rika ambavyo havipo tena kwa sura ile, na haifai kumfanya msomaji wa leo wa Kyela mjini, mwenye simu mkononi na shamba la kakao au la mpunga, kuwa masalia ya miaka ya 1930. Hata hivyo dhana hiyo inasaidia kulitaja jambo ambalo istilahi za Kiswahili za uchapishaji hazilitaji. Mteja, mfuatiliaji na mwanachama ni majina ya mtu mmojammoja. Hakuna hata moja linalotaja wale anaocheka nao. Msomaji anayelipia waraka wa kichekesho, kisha akaambiwa kuwa ni marufuku kuusambaza, anaalikwa kula peke yake.

5. Kuhama gazeti ni kuhama lugha

Kuna faida moja ya kuhama ambayo haina budi kukubaliwa bila masharti. Mutahi, huku akiendelea na safu yake, alianza kuandika tamthilia za Kigikuyu zilizoonyeshwa na kikundi cha Igiza Productions katika baa za Nairobi na za Kenya ya kati, zikiwamo Mugaathe Mubogothi na Makaririra Kioro. Hapo mwanasafu alikutana uso kwa uso na watu waliolipa kumcheka yeye na watawala wao. Hilo ndilo tukio la Afrika Mashariki lililo karibu zaidi na uhamaji unaojadiliwa hapa, na jambo la kwanza la kuangaliwa ndani yake ni lugha. Safu iliandikwa kwa Kiingereza kilichopenyezwa maneno ya Kiswahili, Sheng na Kigikuyu, kwa kiasi ambacho msomaji wa Mombasa au Kisumu angeweza kumeza. Katika baa kipimo hicho kilikuwa hakina kazi tena. Mlipaji alipokaribia, lugha nayo ilikaribia.

Mhariri wa gazeti la kitaifa hulinda usawa wa lugha kwa sababu anamlinda mnunuzi wa mbali. Kiswahili cha Bondeni kikiingia katika gazeti hilo huingia kama lafudhi ya kuchekwa: mhusika mwenye jina la ukoo linaloanza na Mwa-, anayemwita mwenzake gwe na kushukuru kwa ndaga fijo, huwekwa ili msomaji wa Dar es Salaam amtambue upesi na kumcheka upesi. Majina kama hayo, kwa msomaji wa Kyela, hayachekeshi kwa sababu hiyo hata kidogo. Ni majina ya majirani. Mwandishi anayelipwa na wasomaji wa Kyela, pamoja na watu wa huko waliotawanyika mijini, hana haja ya kuifanya gwe ichekeshe. Anaweza kuiacha ifanye kazi yake ya kawaida, yaani kuonyesha ukaribu au ukali baina ya wanaozungumza, kisha akatafuta kichekesho katika jambo lenyewe: bei ya mchele inayopangwa na asiyelima, mgeni anayebishania bei ya chungu cha Kikisi sokoni Matema kisha akakivunja kabla hajafika garini, au mpaka wa Kasumulu ambao ndugu wawili wanauvuka kwa sababu mbili tofauti na kwa maelezo mawili tofauti.

Faida hiyo ina upande wa pili. Kadiri lugha inavyokaribia, ndivyo wanaoweza kulipa wanavyopungua. Mutahi aliweza kuzihimili tamthilia za Kigikuyu kwa kuwa jina lake lilikwisha kujengwa na gazeti la Kiingereza lililouzwa nchi nzima. Mwandishi asiye na jina hilo hana akiba ya kuhama nayo. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba waraka unamkomboa mwandishi kutoka kwa mhariri, kama inavyosemwa mara nyingi. Waraka hutumia akiba ambayo gazeti liliisaidia kukua, na bado haijaonekana katika Kiswahili namna ya kuikuza upya nje ya gazeti, isipokuwa kwa kutoa bure kwa muda mrefu.

6. Njia ya fedha

Mtambo uliolipa umbo soko la nyaraka hizi duniani ni Substack, ulioanzishwa San Francisco mwaka 2017. Huchukua asilimia 10 ya mapato ya mwandishi, na kiwango cha chini cha ada ya mwezi huwa dola 5, ambazo kwa viwango vya miaka ya karibuni ni kama shilingi 12,000 hadi 13,000 za Tanzania. Malipo hupitia kampuni ya Stripe, ambayo haikuweka huduma ya kupokea fedha kwa mwandishi mwenye akaunti ya benki ya Tanzania. Kwa maneno mengine, mlango ambao msomaji wa Washington aliupitia mwaka 2023 ulikuwa umefungwa kwa mwandishi wa Kyela kabla lugha haijaingia katika hesabu.

Afrika Mashariki ina mlango wake. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na huduma nyingine za aina hiyo zikafuata. Malipo kwa simu yana sifa mbili zinazoyafaa matakwa ya sehemu ya tatu ya makala hii. Yanaweza kuwa madogo sana, na humjulisha anayepokea jina la anayetoa. Msomaji anayetuma shilingi 500 baada ya kucheka anafanya jambo lililo karibu na kutunza kuliko anayekatwa dola 5 kila mwezi kwa kadi, acheke asicheke. Kinachokosekana ni uhadhara. Ujumbe wa muamala huonwa na watu wawili tu, na mwandishi anayetaka tuzo iwe tuzo hana budi kuutafutia ukumbi: kuwataja waliotoa, kuwaachia wachague mhusika atakayerudi wiki ijayo, au kuchapisha utani waliomrushia. Watungaji wa Style Invitational walikuwa na ukumbi huo tayari. Wasomaji wa magazeti ya Kiswahili nao waliwahi kuwa nao, katika kurasa za mashairi ya kujibizana.

Sheria nayo huingia hapa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 nchini Tanzania ziliwataka watoa maudhui wapate leseni. Maombi yalikuwa shilingi 100,000, leseni shilingi 1,000,000, na ada ya mwaka shilingi 1,000,000 nyingine. Mwezi Juni mwaka huo hata JamiiForums ilisimama kwa muda. Kwa kiwango cha shilingi 500 kwa tuzo, mwandishi angehitaji tuzo 4,200 katika mwaka wa kwanza kabla hajanunua kalamu. Kanuni zimerekebishwa tangu wakati huo, lakini hesabu hiyo inaonyesha kwa nini vichekesho vingi vya Kiswahili vilivyoacha karatasi vilikwenda katika makundi ya WhatsApp, ambako havina anwani, mara nyingi havina hata jina la mtunzi, na mtu akicheka hajui amtunze nani. Huo ni uhamaji wa aina nyingine: kicheko kimebaki cha wote na mwandishi ndiye aliyepotea. Magazeti yaliyofungiwa, kama MwanaHalisi mwaka 2017 na Tanzania Daima mwaka 2020, yaliwaacha wasomaji wao bila ukurasa hadi leseni ziliporudishwa mwaka 2022. Mwanasafu aliyekuwa na orodha ya namba za wasomaji wake angeweza kuwafikia katika kipindi hicho, na asiyekuwa nayo aliwapoteza.

Mwisho wa Bondeni ni mto Songwe. Ng'ambo yake, Karonga, wapo Wangonde ambao lugha yao na Kinyakyusa husikilizana, na ambao kichekesho cha Kyela kingewafikia bila mkalimani. Msomaji wa huko akitaka kumtunza mwandishi wa Kyela hukutana na sarafu nyingine, mtandao mwingine wa simu na ada ya kuvusha fedha inayoweza kuizidi tuzo yenyewe. Mwandishi anayepanga waraka kwa ajili ya mwambao huu anapaswa kuamua mapema kama msomaji huyo, ambaye hatalipa na atacheka, ni wa kuhesabiwa miongoni mwa wasomaji wake au la, kwa kuwa uamuzi huo ndio utakaoonyesha ni sehemu gani ya waraka itaachwa wazi na ni lugha gani itakayoandikwa ndani yake.